Chanjo Ililala Wapi

Mwezi uliopita nilimwomba daktari mmoja wa mifugo hapa Kitale anifungulie friji yake, na binti yangu akatamani ardhi immeze. Tulikuwa tumempeleka paka wake kuchanjwa. Daktari mwenyewe alikuwa kijana wa heshima, ana vyeti vinne ukutani na kiti cha kuzunguka, lakini vyeti vile sikuvitazama hata kimoja. Nilitaka kuona kama kuna kipimajoto ndani ya friji. Nilitaka kujua stima ikipotea anafanya nini. Nilitaka kuhakikisha kwamba chanjo hazikai rafu moja na soda na maziwa ya chai. "Mum, si uachane na mtu wa watu," binti yangu akaninong'oneza. Sikuachana naye. Yule kijana alicheka, akafungua, akanionyesha hata daftari anamoandika joto la asubuhi na la jioni, ndipo nikamkabidhi paka. Siku tatu baadaye nikapigiwa simu kutoka Juba. Alikuwa Mama Poni, aliyekuwa mwenye nyumba wangu zamani, na sauti yake ilikuwa imezeeka kuliko nilivyotarajia. "Mwalimu," akasema, "Mzee Lado amekwenda. Ni presha. Tumemzika jana, huko Rejaf." Nikampa pole. Akaipokea, kisha akaongeza: "Iko neno moja yeye alinikataza kukwambia. Sasa mwenye kukataza hayuko. Wewe kaa chini kwanza."

Nilikaa. Alichoniambia nitakisema, lakini hakina uzito wowote kwa mtu asiyejua ule mwaka wangu mmoja wa Juba, mwaka ambao niliogopa kuliko miaka yangu mingine yote ikijumlishwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nafundisha darasa la nne katika shule ya binafsi, na nilikuwa nimepanga chumba kimoja katika uwanja wa Mama Poni pale Juba Na Bari, mwendo mfupi kutoka mtoni. Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo, kitanda cha chuma, na bati ambalo ikifika saa sita mchana hakukaliki chini yake. Kwa hiyo maisha yote tuliyafanyia nje, kwenye rakuba, kile kibanda cha nguzo na majani kisicho na kuta. Hapo ndipo Mama Poni alipopika, alipopokea wageni, na alipomsema kila mtu aliyepita barabarani. Alikuwa mjane, mnene kiasi, aliyekulia ukimbizini kule Arua, na Kiswahili chake alikitoa huko Uganda akakichanganya na Kiarabu cha Juba bila kuomba ruhusa ya mtu. Alinifundisha kula kisra, mkate ule mwembamba wa mtama, kwa mchuzi wa samaki mkavu na karanga. Nami nilimletea mbwa, jambo ambalo hakuliomba.

Mbwa huyo nilipewa na mwalimu mwenzangu aliyekuwa akirudi Nairobi. Alikuwa mdogo bado, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na lingine limelala. Nikamwita Bosco, kama Mkenya yeyote mwenye akili zake. Mama Poni aliweka mwiko chini. "Bosco ni jina ya shemeji yangu," akasema. "Wewe unataka mimi niite shemeji yangu aje kula mifupa?" Tangu siku hiyo alimwita Kelib, yaani mbwa tu kwa Kiarabu chao, na kila alipopita karibu naye alivuta sketi yake pembeni. Kwamba hampendi mbwa yule, alilitangaza kwa majirani wote. Mimi nilimwamini.

Bosco alipofika miezi minne nikaanza kutafuta daktari. Mama Poni, pamoja na kutompenda kwake, alinipa jina papo hapo: Mzee Lado, wa Rejaf, nje ya mji, aliyekuwa akizunguka na baiskeli kuchanja ng'ombe na mbuzi tangu kabla ya vita kwisha. Nilicheka. Sikumcheka Mama Poni usoni, lakini nilicheka. Mbwa wangu apelekwe kwa mtu wa ng'ombe, anayepanda baiskeli? Nilikwenda Thongpiny, kule kwenye ofisi za mashirika na hoteli, nikampata daktari mwenye koti jeupe lililopigwa pasi, mwenye Kiingereza cha redioni, na chumba chenye kiyoyozi hata Bosco akakunja mkia kwa baridi. Alimdunga sindano sekunde moja. Kisha akachukua kadi ya njano, akaandika jina la mbwa kwa mwandiko mzuri, akaigonga mhuri wa duara. Mtu ambaye hajaishi Juba kama mgeni hawezi kujua mhuri ulikuwa nini kwetu. Kukaa kwako nchini ni mhuri, kazi yako ni mhuri, kuvuka mpaka ni mhuri, na kadi isiyo na mhuri ni karatasi ya kufungia njugu. Nilipouona ule wa buluu nikajua nimechagua daktari hodari. Nilirudi nyumbani nikaibandika kadi ukutani juu ya kitanda, na nikampigia Mama Poni domo wiki nzima.

Miezi ilipita. Halafu asubuhi moja ya Jumamosi mbwa asiye na mwenyewe akaingia uwanjani, mwembamba, taya limelegea, ute unaning'inia, anatembea kana kwamba haoni miti. Alimrukia Bosco karibu na mtungi wa maji. Vijana wa jirani walimuua kwa fimbo na kumzika mbali, na wote wakawa wananiangalia mimi, maana Bosco alikuwa anavuja damu sikioni. Nikaingia ndani nikatoka na kadi ya njano. Niliwazungushia kama askari anayeonyesha kitambulisho. "Amechanjwa," nikasema. "Tazameni mhuri." Walitazama mhuri, wakaridhika. Nami niliridhika.

Wiki nne baadaye Bosco alimuuma Mama Poni. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, yeye anainama kuondoa sufuria, na mbwa ambaye hakuwahi hata kumkoromea akageuka na kumshika mkono wa kulia, chini ya kidole gumba. Meno mawili yaliingia. Mama Poni hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake, akamtazama mbwa, akasema taratibu, "Kelib hii si kelib ya jana." Nilimwosha kwa sabuni na maji nikakimbia naye kliniki, nako wakatuambia chanjo ya binadamu ya kichaa cha mbwa imekwisha, turudi wiki ijayo, lakini kama mbwa ana kadi basi tusiwe na wasiwasi mwingi. Njiani kurudi Mama Poni ndiye aliyenifariji mimi. "Mafi muskila, Mwalimu. Kadi yako iko." Yaani hakuna shida. Alisema hivyo mara mbili, na mara ya pili nikasikia kwamba anauliza.

Sijui ni nini kilichonipandisha boda kwenda Rejaf badala ya Thongpiny. Nadhani ni aibu, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa nahisi langu linalia tayari. Nilimkuta Mzee Lado nje ya nyumba yake, mtu mrefu mwembamba mwenye shati lililofifia, anafuta kasha la buluu la kubebea chanjo kwa kitambaa, ndani na nje, polepole, kama anayeogesha mtoto. Nilimpa kadi. Hakuisoma. Aliiweka gotini, akauliza, "Hii chanjo ililala wapi?"

Nikamwambia sielewi.

"Chanjo iko kama samaki," akasema. "Ikikaa kwa joto inakufa, lakini hainuki. Wewe unadunga maji, unafikiri ni dawa. Huyo daktari yako, jenereta yake inazimwa saa ngapi?" Sikujua. Hapo ndipo nilipotambua kwamba katika yote niliyoyachunguza, koti, Kiingereza, kiyoyozi na mhuri, sikuwahi kuuliza kitu hata kimoja kuhusu sindano yenyewe. Akaniambia nisimuue mbwa, nimfungie. "Mbwa akikufa leo, hasemi kitu. Akiishi siku kumi tangu siku ya kuuma, amesema: mate yake siku ile ilikuwa safi, na mama iko salama. Lakini usingoje hizo siku kumi kumpa mama sindano. Kesho asubuhi mapema, kabla jenereta hajawashwa, nenda uweke mkono ndani ya friji ya huyo mtu. Halafu uniambie."

Nilikwenda. Daktari hakuwa amefika. Mfagiaji alikuwa akipiga deki, akaniruhusu ninywe maji kutoka kwenye friji. Nilifungua mlango na hewa ikanijia vuguvugu. Ndani mlikuwa na soda, paketi ya maziwa iliyovimba, na nyuma yake vichupa vya chanjo vimepangwa vizuri sana. Nilishika kimoja. Kilikuwa na joto la kiganja changu. "Jenereta wanazima jioni," mfagiaji akaniambia, "wanawasha saa nne." Kila siku ya Mungu, basi. Vile vichupa vilikuwa vimekufa zamani, na yule daktari mwenye adabu alikuwa anavigongea mihuri.

Nitasema ukweli sasa maana wakati ule niliuficha: sikwenda moja kwa moja nyumbani. Nilikwenda shule, nikafundisha mgawanyo, nikasahihisha madaftari yote thelathini na tisa, na kila daftari nilikuwa nampima Mama Poni katika akili yangu, nikisema nikimwambia atanichukia, nisipomwambia atakufa, nikimwambia atanichukia. Nilikuwa mwoga kiasi hicho. Niliporudi alikuwa chini ya rakuba, anachambua majani ya mboga ya kudra kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa kitambaa. Nikapiga magoti. "Mama, kadi ni bure," nikasema. "Chanjo ilikuwa imeharibika. Mbwa hana kinga. Nimejua tangu asubuhi." Hakunitukana. Aliendelea kuchambua, jani moja, jani lingine, kisha mkono ukasimama. "Tangu asubuhi," akasema. Na hilo tu.

Jioni ile ile kabla jua halijazama, bila kungoja nimpelekee habari za friji, Mzee Lado aliingia na baiskeli, kasha la buluu limefungwa nyuma kwa mpira. Alikuwa amepata dozi mbili za binadamu. Tulikwenda pamoja kwa muuguzi mmoja aliyemfahamu, akamdunga Mama Poni ya kwanza, na ya pili ikabaki ndani ya barafu kwa siku ya tatu. Ya siku ya saba ilikuwa imeagizwa Kampala. "Hizi umezitoa wapi, Mzee?" nikauliza. "Zimepatikana," akasema, akageuka kuangalia kifuniko cha kasha lake. Bosco alichanjwa upya kwa dawa iliyolala kwenye barafu, nami nikaambiwa kwamba kwake hiyo haitoshi. Siku kumi zilikuwa za Mama Poni. Kwa Bosco, aliyeumwa na yule mwehu, ilikuwa miezi sita kifungoni, tukimtazama.

Tulimfungia katika banda la kuku lililokuwa tupu. Mzee Lado alikuja kila asubuhi kutoka Rejaf, akaweka kigoda nje ya waya, akakaa. Basi. Hakutoa kipimo, hakuandika. Alimwekea mbwa maji kwa kijiti kirefu na kumsikiliza akinywa. Mbwa mwenye kichaa koo hufunga, maji humshinda, na Mzee alisema sikio linajua kabla ya jicho. Nikaanza nami kuisikiliza ile sauti ya ulimi kwenye maji. Nikiwa darasani naisikia. Nikila naisikia. Majirani walikuja na fimbo mara mbili, na mara zote mbili Mama Poni alisimama mlangoni mwa banda na mkono wake wenye kitambaa, akawaambia huyu ni shahidi wake na shahidi hauawi kabla ya kesi.

Siku ya tano Bosco alianza kutoa ute. Ulitoka upande mmoja wa mdomo, mrefu, ukafika kifuani. Niliona. Mama Poni aliona pia, akaenda kukaa mbali, akajifunika kichwa kwa leso, nikasikia anasali kwa Kibari, na katika sala yote nilitambua jina moja tu, Poni, binti yake aliyekuwa anasoma Gulu. Nikamrukia Mzee Lado. "Mfungue mdomo! Mwangalie! Pengine ana kitu humo, pengine si hicho tunachoogopa!" Akatikisa kichwa. "Bado," akasema. "Nampa uji laini. Tungoje siku." Nikamwambia yale yaliyokuwa yakinila: kwamba nimechoka na mtu anayekuja kukaa tu, kwamba ng'ombe na mbwa si kitu kimoja. "Daktari gani," nikapaza sauti hata majirani wakasikia, "daktari gani huogopa mbwa?"

Aliniangalia bila hasira. "Mimi, Mwalimu," akasema. "Mimi naogopa." Akarudi kwenye kigoda chake.

Siku ya saba ndege haikuja, na dozi haikuja. Ya nane vivyo hivyo. Mama Poni akaanza kupanga mambo. Alinionyesha sanduku lenye hati ya uwanja, akanionyesha nguo ambayo angependa avalishwe, ya kitenge cha kijani, akaniuliza kama naona ni nzuri. Nikasema ni nzuri. Tulikuwa tumekaa kitandani kwake, mikono yetu magotini, na nje tunasikia kigoda cha Mzee kikilia anapojisogeza, kisha kimya, kisha ulimi wa mbwa ndani ya maji. Sijawahi kupenda sauti yoyote kama ile na sijawahi kuichukia yoyote kama kimya kilichoitangulia.

Siku ya kumi ikapita na Bosco akanywa. Ya kumi na moja, asubuhi, muuguzi akasema Mama Poni yuko salama na dozi ya Kampala haina haja tena. Mama Poni aliketi chini pale pale kwenye udongo. Mzee Lado akakunja mikono ya shati. Aliingia bandani, akamfunga Bosco taya la juu kwa kamba laini na la chini kwa nyingine, akanipa mimi nivute mdomo ubaki wazi. Sikumwona akivaa glavu, nikamuuliza. Akasema kwa glavu kidole hakilijui jino. Nilimwona akisimama kwanza, akivuta pumzi, mkono wake mtupu ukitetemeka kidogo juu ya pua ya mbwa. Nikadhani ni uzee. Kisha akauingiza mpaka kifundo, akapapasa nyuma ya magego, akatoa mwiba wa samaki mrefu kama sindano ya kushonea magunia, umeoza ncha.

Nilishangaa, maana mimi sikumpa Bosco samaki hata siku moja. Sote tukamgeukia Mama Poni. Alikuwa anafuta mikono kwenye sketi. "Alikuwa ananitazama tu wakati mimi nakula," akasema kwa ukali. "Kila siku. Sasa mimi nifanye nini?"

Bosco alimaliza miezi yake sita akiwa mzima. Nilipoondoka Juba nilimwacha, kwa sababu Mama Poni alikataa kata kata nimchukue, na wakati huo alikuwa anamwita kwa jina la shemeji. Nilikwenda Rejaf kumuaga Mzee Lado. Nilitaka kumwomba radhi kwa yale maneno ya siku ya tano, lakini alikuwa na watu, na kasha lake, na ng'ombe wanangoja. Nikaona nitaandika barua. Unajua barua za namna hiyo.

Sasa nilikuwa nimekaa, simu sikioni, na Mama Poni akaniambia. Zile dozi mbili zilikuwa za Mzee mwenyewe. Zilikuja kwa ndege pamoja na chanjo za mbwa, za kumkinga yeye kabla hajaanza kazi ya kuchanja mbwa mtaa kwa mtaa, maana maisha yake yote alikuwa mtu wa ng'ombe na hakuwahi kupata kinga hiyo hata mara moja. Alikuwa adungwe wiki ile. Siku iliyofuata ile niliyomwendea Rejaf, alizitia kwenye kasha akazileta kwetu. Muuguzi ndiye aliyemwambia Mama Poni, miaka mingi baadaye, naye alipomwendea Mzee kwa machozi, Mzee alimwapisha asiniambie. "Alisema, Mwalimu iko na woga ya kutosha," Mama Poni akasema. "Alisema, akijua, ataniogopea mimi pia."

Nikakumbuka ule mkono juu ya pua ya mbwa.

"Mwalimu," Mama Poni akaita. "Wewe uko?"

"Niko, Mama."

"Usilie. Uliza mimi hata kitu."

Nikamuuliza kama kwenye mazishi kuna mtu aliyesema jambo hilo. Akasema hapana, watu walizungumza habari za ng'ombe. Nikamwomba, kama miguu yake bado inaweza safari ya Rejaf, aende kaburini siku moja kwa niaba yangu, asimame, amwambie kwamba yule mwalimu aliuliza daktari gani huogopa mbwa, na kwamba jibu amelipata.

"Nitaenda," akasema. "Lakini hiyo neno ni yako. Njoo useme mwenyewe."